Stripu za mkojo kwa mgonjwa wa kisukari: zinafaa, ila zisiachiwe kazi yote

Stripu za kupima mkojo, zile zenye miraba kumi ya rangi zinazouzwa zikiwa ndani ya kichupa, tunazitumia nyumbani kuangalia kama figo za mzee wetu mwenye kisukari zinavujisha protini, na kwa upande wa urahisi sina malalamiko. Unachovya stripu kwenye mkojo, unakung'uta matone yanayozidi, unasubiri sekunde 60, kisha unalinganisha mraba wa protini na chati iliyobandikwa kwenye kichupa: ukibaki njano, protini haikuonekana, kadiri unavyogeuka kijani, ndivyo protini ilivyo nyingi. Rangi isomwe penye mwanga wa kutosha, kwa kuwa tofauti kati ya dalili hafifu na alama moja ya kujumlisha, ambayo ni takriban miligramu 30 kwa desilita, ni ndogo mno chini ya taa ya chumbani.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba stripu hupima ukolezi wa protini kwenye mkojo wa wakati ule tu. Mtu aliyekunywa maji mengi anaweza kupata jibu safi ilhali figo zake zinavujisha albumini (aina ya protini ya damu), na uvujaji wa mwanzo kabisa, ambao ndio wenye manufaa zaidi kugunduliwa kwa mwenye kisukari, mara nyingi huwa chini ya kiwango ambacho mraba ule unaweza kukiona. Kwa sababu hiyo naiweka mbele huduma ya maabara inayopima uwiano wa albumini na kreatinini: kreatinini, yaani taka ya misuli, hutoka mwilini kwa kiasi kisichobadilika sana, hivyo kugawanya albumini kwayo huondoa hitilafu inayoletwa na mkojo mwepesi au mzito. Chini ya miligramu 30 kwa gramu si tatizo. Kati ya 30 na 300 figo zinahitaji kuangaliwa. Zaidi ya 300 ni uvujaji mkubwa.

Kipimo hicho kitajwe kwa jina lake kamili. Maabara moja ya mtaani, tulipoomba tu "protini kwenye mkojo", ilitutoza fedha na kutumia stripu ileile tuliyonayo kabatini. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio unaofaa zaidi, na jibu baya la siku moja halitoshi kumtangaza mtu kuwa na ugonjwa sugu wa figo, kwa maana homa, mazoezi makali, hedhi au maambukizi ya njia ya mkojo huweza kulipandisha. Daktari hutaka kuona hali ikidumu kwa angalau miezi 3, pamoja na kreatinini ya damu.

Kwa wanaonunua stripu, hasa wa Pwani, unyevu wa hewa huziharibu upesi: mfuniko urudishwe mara moja na kile kifuko cha kukausha unyevu kisitupwe. Kichupa cha stripu 100 ni kikubwa kwa familia moja, kwani kikishafunguliwa stripu huweza kuharibika kabla ya kuisha.