Siku tatu Douarnenez: uzoefu wa binti wa muuza dagaa

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma na ada yangu ya shule ililipwa na dagaa. Mama aliwanunua alfajiri pale Kibirizi mitumbwi ikirudi, akawaanika, akashinda akiwageuza jua likipanda, jioni akawafunga kwenye magunia yaliyosubiri treni. Kwa hiyo niliposikia kwamba Ufaransa kuna mji uliokua kwa sababu ya sardini, samaki wa ukoo mmoja na dagaa wetu wa Tanganyika, nilianza kuweka akiba ya nauli.

Mji wenyewe ni Douarnenez, uko Finistère, pembe ya magharibi kabisa ya Bretagne, eneo la kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Nilikwenda mwezi wa tisa na rafiki yangu mzaliwa wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu, ambaye sasa anaishi Brussels. Yeye ndiye aliyekuwa ulimi wangu, maana Kifaransa changu hakivuki salamu. Mimi nikisema dagaa, yeye anasema ndagala, na tulibishana njia nzima wapi wanapikwa vizuri zaidi.

Ukitoka Paris unapanda treni kituo cha Montparnasse hadi Quimper, karibu saa nne, kisha basi kwa muda usiofika saa moja. Zamani reli ilifika hadi Douarnenez na kubeba makopo ya samaki. Leo sehemu ya njia hiyo ni ya watembea kwa miguu. Angalia ratiba ya basi kabla hujakata tiketi ya treni, hasa ukifika Jumapili. Sisi tulikaa kituoni Quimper muda mrefu na mizigo yetu.

Mtu akiniambia bandari, nafikiria gati moja. Hapa zipo kadhaa, kila moja na kazi yake. Rosmeur ndiyo ya picha: nyumba za rangi, mikahawa, vichochoro vya mteremko vinavyoshuka hadi majini. Pembeni yake iko bandari ya uvuvi inayofanya kazi mpaka leo. Tréboul ni ya boti za starehe, tukapita tu. Kisha Port-Rhu, mkono wa maji unaoingia mjini, ambako ndiko kwenye makumbusho ya Port-Musée. Mkabala wa mlango wa Port-Rhu kuna kisiwa cha Tristan, ambacho maji yakipwa sana watu huvuka kwa miguu. Sisi tulikuta maji yamejaa.

Makumbusho yamo ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha sardini, na hilo peke yake lilinifanya niingie taratibu. Nje, majini, zimefungwa meli za zamani ambazo unaruhusiwa kupanda. Ile iliyonishika ni tagi ya mvuke, yaani meli ndogo ya kuvuta meli nyingine, iitwayo Saint-Denys. Unashuka ngazi nyembamba hadi kwenye injini, na unaelewa mwili wa mtu ulivyoteseka humo. Meli hizi hazifunguliwi majira ya baridi, basi usiende Januari ukategemea kuzipanda.

Lakini kilichonipeleka kule hakikuwa meli. Nilikwenda kwa ajili ya wanawake.

Kuanzia katikati ya karne ya 19 mji huu ulijaa viwanda vya makopo. Kimoja, cha familia ya Chancerelle, kilianzishwa 1853 na bado kinasindika sardini. Wanaume walivua, wanawake walisindika: kukata vichwa na kutoa matumbo, kuosha kwa maji ya chumvi, kukausha kwenye vichanja vya waya, kukaanga katika mafuta, kisha kuwapanga kwenye kopo mmoja mmoja, upande wa kichwa wa huyu mkiani kwa yule. Waliitwa Penn Sardin, maana yake kwa Kibretoni, lugha ya Bretagne, ni kichwa cha sardini, na jina hilo likaambatana na kofia nyeupe ndogo walizovaa. Mashua zikiingia saa nane usiku, waliamshwa saa nane usiku, maana sardini hangoji. Wasichana wa miaka 12 walikuwa humo, na wengine wadogo zaidi. Waliimba usiku kucha wasizidiwe na usingizi.

Nilisoma hayo kwenye bango la barabarani, maana kuna njia ya matembezi iitwayo Chemin de la Sardine inayokupitisha mjini bango baada ya bango, bila kulipa hata senti. Rafiki yangu alitafsiri sentensi kwa sentensi. Alipofika kwenye kuimba akanyamaza, akanitazama. Nilishamsimulia jinsi mama na wenzake walivyoimba wakisubiri mitumbwi, taa za wavuvi zikiwa bado zinang'aa ziwani.

Tarehe 21 Novemba 1924 wanawake hao waligoma. Walikuwa wakilipwa sentimu 80 kwa saa. Sheria ya kazi ya saa nane kwa siku ilikuwepo Ufaransa tangu 1919, ila kwenye viwanda hivi ilikuwa maandishi tu. Walidai faranga moja na sentimu 25, na wakatembea mitaani wakipaza sauti kwa lugha yao: "Pemp real a vo!", yaani zitakuwa reali tano. Reali moja ilikuwa sentimu 25, na wao walitaka reali tano. Viwanda vyote vikasimama. Meya wa mji, mkomunisti Daniel Le Flanchec, aliandamana nao mbele kabisa. Siku ya mwaka mpya wa 1925 wavunja mgomo waliomfuata kwenye mkahawa walimpiga risasi; alinusurika. Baada ya siku 46, tarehe 6 Januari, wenye viwanda wakakubali: faranga moja kwa saa, nyongeza kwa kazi ya ziada na ya usiku, na hakuna atakayefukuzwa kwa sababu aligoma.

Hawakupata reali tano. Walipata nne, na nilisimama pale Rosmeur nikifikiria ni nani Kibirizi aliyewahi kukaa na wanunuzi wakubwa akapata hata hizo nne.

Mmoja wa wagomaji hao, Joséphine Pencalet, mjane na mfanyakazi wa kiwandani, alichaguliwa diwani mwezi Mei 1925, wakati mwanamke wa Kifaransa hakuwa na haki hata ya kupiga kura. Uchaguzi wake ulifutwa kabla mwaka haujaisha. Wanawake wa Ufaransa walipata haki hiyo mwaka 1944. Ukienda Douarnenez, uliza habari zake. Watu wazima wa pale wanamjua, na mzee mmoja tuliyemkuta kwenye benchi alitueleza kwa nusu saa nzima, tena kwa heshima, kama mtu anayemtaja shangazi yake.

Asubuhi ya pili tulitembea kwa njia ya pwani kutoka Rosmeur hadi Les Plomarc'h. Usikose hapa. Chini ya miti, ukiitazama ghuba, kuna mabirika ya mawe yaliyojengwa wakati wa Warumi, karne ya 2, ya kuwalowekea samaki chumvi na kutengeneza garum, mchuzi wa samaki walioachwa waoze kwa mpango. Yamechimbwa ardhini, makubwa, yamepangwa kama vyumba. Kwa hiyo watu walianza kuwatia samaki chumvi kwenye ghuba hii zaidi ya miaka 1,800 kabla mimi sijaja na koti langu la mvua. Ndiyo, chukua koti la mvua. Siku moja tulipata jua, mvua, upepo na jua tena kabla ya chakula cha mchana.

Chakula sasa. Keki ya kouign-amann ilizaliwa mji huu, yapata 1860, na jina lake kwa Kibretoni ni keki ya siagi tu. Ni unga wa mkate uliokunjwa na siagi na sukari mpaka juu pawe kama karameli. Waombe waipashe moto, kwani ikiwa baridi inakuwa nzito. Kipande kimoja kinatosha watu wawili, na nasema hivyo nikiwa mtu wa kula.

Upande wa mgahawa tulipata hasara siku ya kwanza. Tulifika saa nane na nusu mchana kwenye mgahawa mmoja wa bandarini tukaambiwa jiko limefungwa. Ule wa pili ulitupa samoni mkavu kwa bei kubwa, na sardini haukuwa nao, katika mji kama huu, msimu ukiwa bado haujaisha! Iliniuma sana. Kesho yake tulikwenda mapema, kama saa sita na nusu, mahali pengine padogo juu ya kilima, tukapewa sardini wa kuchoma na viazi na siagi yenye chumvi. Walikuwa wabichi kweli, mgongo unang'aa, nyama inaachia mfupa yenyewe. Rafiki yangu aliomba pilipili, wakatuletea pilipili manga. Beba yako.

Kwa mtu mwenye magoti mabovu au mtoto wa kusukuma kwenye kigari, mji una mteremko mkali, basi tafuta chumba karibu na bandari. Anayetaka maduka makubwa na usiku wa kelele atachoka siku ya kwanza. Mimi siku tatu ziliniishia upesi.

Kabla ya kuondoka nilinunua makopo sita ya sardini, mengine yameandikwa mwaka waliovuliwa, kwa sababu watu wa huko huyatunza miaka na kuyageuza mara kwa mara ili mafuta yawaingie samaki sawasawa. Yaweke kwenye begi la chini la ndege, maana mafuta yake yanaweza kuzuiwa kwenye begi la mkononi.

Mawili yalifika Kigoma. Mama alifungua la kwanza mbele ya majirani zake wawili, akawatoa samaki mmoja mmoja kwa vidole, akawapanga kwenye sahani, akala wa kwanza kimya. Kisha akanipigia simu. "Huyu aliyewapanga anajua kazi," akasema. "Lakini mwanangu, vichwa wanavipeleka wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Nimeliandika swali hilo kwenye daftari langu, na tiketi ya Juni nimeshaanza kuitafuta.