Njumu za Kuvalisha Raba: Majira Mawili juu ya Barafu ya Minneapolis

Mtu aliyekulia Mombasa hana sababu ya kujua kwamba barafu ina namna zake. Nilipohamia Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, nilidhani kuwa kadiri baridi inavyozidi ndivyo njia inavyoteleza, ikanibidi nianguke mara mbili katika wiki moja ya Novemba ndipo nielewe kwamba mambo ni kinyume. Barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri huwa na utando mwembamba wa maji juu yake, na utando huo ndio unaompokonya mtu miguu, ilhali ile ya Januari, nyuzi ishirini chini ya sifuri, ni kavu na hukanyagika kiasi. Kwa hiyo kifaa ninachokieleza hapa nimekipima hasa katika majuma yake magumu, yaani Novemba na mwanzo wa Desemba, wakati theluji huyeyuka mchana, maji yakatambaa njiani, na usiku yakaganda tena kuwa kioo kisichoonekana juu ya lami.

Maduka ya huku yana majina yake ya kibiashara, lakini mimi naviita njumu za kuvalisha, maana kazi yake ni ile ile ya njumu za soka, ila hizi huvaliwa juu ya raba za kawaida na kuvuliwa mtu akishamaliza. Ni mkanda wa mpira unaokikumbatia kiatu pande zote, na chini yake kuna mikufu midogo ya chuma kisichoshika kutu, inayobeba meno 12 kwa kila mguu, kila jino likiwa na urefu wa karibu sentimita moja. Kwenye mizani ya jikoni jozi yangu ilisoma gramu 350, uzito ambao mkononi si kitu, lakini kufikia kilomita ya nne mapaja huwa yameshaanza kulalamika.

Kuzivaa kuna adabu yake. Mpira ukishapata baridi hukakamaa, na vidole vikishapata baridi havina nguvu ya kuuvuta, kwa hiyo ni lazima uzivae ukiwa bado ndani, umeketi, ukianza na ncha ya kiatu kisha ukiuvuta mkanda hadi nyuma ya kisigino. Kwa sababu hiyo nimetandika kipande cha zulia kuukuu mlangoni. Kwenye vigae vya ukumbini meno hayana pa kuuma, na mara ya kwanza nilipozivaa nilikaribia kuanguka hatua tatu kutoka mlangoni kwangu, kabla hata sijaiona hiyo barafu.

Mzunguko wangu wa kawaida ni ziwa la Bde Maka Ska, ambao ni kilomita tano hivi, nikitoka kabla ya saa moja asubuhi wakati bado kuna giza. Upande mmoja wa njia kuna mteremko mfupi unaopata kivuli siku nzima, na hapo maji ya mchana hayakauki. Asubuhi yote huwa barafu tupu, laini kama sinia. Bila njumu nilikuwa naushuka kwa kujishikilia kwenye nyasi za pembeni. Nikiwa nazo, naushuka nikikimbia, kwa hatua fupi na mguu ukitua wote kwa pamoja, na nasikia kila jino likiingia kwa mlio mkavu, kama mtu anayetafuna miwa mibichi. Kwa kazi hiyo sijaona kinachozishinda.

Tatizo ni mita 200 zinazofuata. Mwanzo wa majira ya baridi njia haiwi barafu moja kutoka mwanzo hadi mwisho: hapa pamemwagiwa chumvi, ambayo katika baridi hii ndogo bado inafanya kazi vizuri kabla haijaanza kushindwa kwenye nyuzi tisa hivi chini ya sifuri, pale pako juani pamekauka, na darajani, ambako upepo hupita juu na chini, pameganda mapema kuliko kwingine kote. Kwenye lami kavu meno haya ni mateso. Mguu haukai sawa, mkufu unasukuma unyayo kutoka chini, na kishindo chake kinawageuza hata wenye mbwa walio mbali. Nilijaribu kuzivua na kuzivaa njiani, lakini huko ni kusimama kila baada ya dakika tatu huku jasho likipoa mgongoni. (Kazini kwangu, wakisikia kwamba Mkenya fulani anakimbia, huuliza kama natoka Eldoret. Sijawaambia kuwa kilomita kumi hunichukua zaidi ya saa moja hata wakati wa kiangazi.)

Mzee mmoja niliyezoea kukutana naye ziwani alinionyesha soli za viatu vyake. Alikuwa amezipigilia skrubu fupi za bati, zenye kichwa cha pembe sita na urefu usiofika sentimita moja, vichwa vikiwa nje ili kingo zake ziume barafu. Nilifanya vivyo hivyo kwa raba zangu za zamani, skrubu 12 kila kiatu, kwenye sehemu nene za soli tu, kwa sababu penye soli nyembamba ncha hupenya na kuchoma mguu. Zilinigharimu dola chache na nusu saa ya bisibisi. Mteremkoni haziumi kama njumu, na huwa natembea pale badala ya kukimbia, lakini kwenye lami kavu karibu nasahau kwamba ninazo.

Kuhusu uimara, meno bado ni makali baada ya majira mawili, ila mpira wa mguu wa kushoto ulichanika penye pete ya mbele katika wiki ya sita. Duka lilinibadilishia bila kudai risiti, baada ya kunisubirisha siku 19 za Desemba. Jozi ya pili nimekuwa nikiisuuza kwa maji ya kawaida ili kuondoa chumvi na kuikausha mbali na kipasha joto, na mpaka sasa mpira haujapata ufa.

Kwa anayekimbia kwenye njia za msituni, au katika mtaa ambao hakuna anayemwaga chumvi, hizi ni fedha zilizotumika vizuri tangu siku ya kwanza ya barafu. Kwa anayezunguka maziwa ya mjini kama mimi, ningemshauri aanze na skrubu na kuziacha njumu hadi mwishoni mwa Desemba, wakati njia yote huwa imeshafunikwa na rangi ya lami haionekani tena. Yangu zinaning'inia kwenye msumari mlangoni, na mwaka huu bado sijazishusha.