Injini ya kupachika iliyotumika kwa mashua ya tanga: ipi ichaguliwe kwanza hapa Tanga, na iandaliwe vipi

Mwenye mashua ndogo ya tanga katika pwani ya Tanga huhitaji mashine kwa saa chache tu, zile ambazo upepo haumtoshi au unampinga: asubuhi za matlai, tanga likiwa limelala kwenye mlingoti, miezi ya kusi, anapotaka kwenda kusini, Kigombe au Pangani, huku upepo na mkondo wa bahari vyote vikielekea kaskazini, au siku za bamvua, maji yanapokupwa kwa zaidi ya mita 3 na kutoka kwa nguvu kwenye mlango wa ghuba wakati yeye anataka kuingia. Katika hali zote hizo anachohitaji ni msukumo wa taratibu usiokatika. Hata hivyo wauzaji wengi huanza mazungumzo kwa hospawa, yaani nguvu za mashine, wanunuzi nao huwafuata huko huko, na mtu huishia na mashine ya boti ya mbio kwenye chombo ambacho kwa umbo lake hakiwezi kukimbia.

Chombo kinachokata maji bila kupanda juu yake kina kikomo cha kasi kinachotokana na urefu wake. Mashua yenye mita 6 kwenye usawa wa maji hufikia takriban noti 6, yaani kilomita 11 kwa saa, na kila hospawa inayoongezwa baada ya hapo huishia kuinua wimbi nyuma na kuzamisha tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Kadirio ninalopendekeza kwa maji yetu ni hospawa 4 kwa kila tani ya chombo pamoja na shehena yake. Mashua ya tani 2 itahudumiwa vyema na mashine ya 8, na ngalawa ya kawaida haina haja ya kuvuka 6.

Kipimo kinachostahili kuulizwa kabla ya hospawa ni urefu wa mguu, yaani sehemu inayoshuka kutoka kichwa cha mashine hadi kwenye propela. Mguu mfupi umekusudiwa tezi yenye kimo cha inchi 15, mguu mrefu inchi 20, na upo ulio mrefu zaidi wa inchi 25. Bamba lililo juu ya propela linapaswa kuwa usawa wa chini ya chombo au chini yake kidogo, na kwa mashua ya tanga, ambayo hulala upande na kuinua tezi kila wimbi linapopita, sentimita chache za ziada ni afadhali kuliko upungufu. Propela ikitoka majini, mashine hulia, mzunguko hupanda ghafla na chombo hukosa msukumo, na hayo hutokea hasa mahali ambapo mawimbi ni mafupi na miamba iko karibu. Kwa hiyo nendeni kwa muuzaji na futi, baada ya kupima tezi ya chombo chenu wenyewe.

Kwa mashua ya mita 5 hadi 7, nafasi ya kwanza naipa mashine ya hospawa 8 au 9.9, ya silinda mbili, yenye mguu mrefu, ya aina inayochanganywa oili kwenye petroli, ambayo mafundi huiita tu-stroki. Ikiwa ni Yamaha ni bora zaidi, kwa sababu ndiyo wavuvi wengi wa pwani hii wanayoitumia. Plagi, impela (kigurudumu cha mapezi kinachosukuma maji ya kupoza), sili na gasketi zake hupatikana bila kungoja basi la kutoka Dar es Salaam, na fundi anayeifahamu haulizwi mbali. Mashine ya 8 ya namna hiyo ina uzito wa kilo 27 hivi, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kuibeba begani kutoka ufukweni hadi nyumbani, jambo ambalo mahali penye wizi wa mashine si dogo hata kidogo. Kasoro yake ni mafuta: hula petroli zaidi ya fo-stroki, ile isiyochanganywa oili kwenye petroli, ya ukubwa ule ule, kwa takriban theluthi moja au hata zaidi, na gharama ya oili iko juu yake. Kwa mtu anayetumia mashine saa moja wakati wa kutoka na saa moja wakati wa kurudi, hasara hiyo inavumilika.

Nafasi ya pili ni ya fo-stroki ya hospawa 6 hadi 9.9 yenye mguu mrefu. Ningeipa nafasi ya kwanza bila kusita kama mnunuzi angekuwa anabeba abiria kila siku kwenda visiwa vya Toten au Ulenge, maana hapo akiba ya petroli hulipa gharama ya vipuri, na wageni huweza kuzungumza bila kupaza sauti. Zimo zilizotengenezwa mahususi kwa vyombo vya tanga: Yamaha ya 9.9 ya msukumo mkubwa ina gia za uwiano wa 2.92 kwa 1, wakati ile ya kawaida ina 2.08 kwa 1, hivyo huzungusha propela pana kwa mwendo mdogo na kusukuma chombo kizito kwa utulivu. Nazo Tohatsu ndogo za 4, 5 na 6 zina injini moja ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 123, kwa hiyo vipuri vyake vingi huingiliana. Ugumu ni kwamba fo-stroki iliyolazwa ubavu usiofaa wakati wa kubebwa huweza kuingiza oili kwenye silinda, na si kila fundi wa ufukweni anayejua kurekebisha vali zake.

Ya tatu ndiyo ambayo wengi watakutana nayo kwa hakika, yaani tu-stroki ya 15 yenye mguu mfupi, iliyotoka kwenye boti ya uvuvi. Nguvu yake imezidi mahitaji, lakini huweza kufaa ikiwa kiti chake, yaani mahali inapopachikwa, kitashushwa na propela itabadilishwa. Kwenye kitovu cha propela huwa pamechongwa namba mbili: ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama ingepita kwenye kitu kigumu. Boti nyepesi hutumia hatua ya inchi 10 au 11. Mashua nzito inataka ndogo zaidi, ya 8 au hata 7 ikipatikana. Mashine iliyofungwa propela ya hatua kubwa kwenye chombo kizito hufanya kazi kwa kulemewa, hujaa kaboni, na hupata joto kupita kiasi hata kama haina ubovu wowote.

Mashine ya hospawa 4 hadi 6 ya silinda moja naiweka nafasi ya nne kwa mashua, ila kwa ngalawa ndiyo ya kwanza. Nakala za Kichina zilizoundwa kwa kufuata umbo la mashine za Kijapani ni za tano zikiwa zimeshatumika. Zikiwa mpya zina hoja yake, lakini ikishakula chumvi miaka miwili, bei iliyobaki hailingani na umri uliobaki. Za 25 hadi 40 ni za mwisho, kwani ile ya 40 huzidi kilo 70, hulemea tezi na hunywa petroli ambayo chombo hakiwezi kuigeuza kuwa mwendo. Mashine ya kuungaunga, kichwa cha mwaka mmoja na mguu wa mwaka mwingine, haina nafasi katika mpangilio huu hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Liko jambo moja linaloweza kupandisha mashine yoyote nafasi moja: ikiwa imetoka Ziwa Victoria na haijawahi kuingia baharini. Maji baridi hayaachi chumvi ndani ya njia za kupoza, na bolti zake hufunguka bila kukatika. Muuzaji akidai hivyo, tazama kwenye mikunjo ya chuma chini ya kofia, yaani kifuniko cha kichwa cha mashine. Chumvi ya miaka haifutiki yote kwa kitambaa.

Ukaguzi uanze kabla mashine haijawashwa. Fika mapema na ushike kichwa cha silinda kwa mkono, kwa maana mashine iliyopashwa moto kabla hujafika ni mashine isiyowaka kirahisi ikiwa baridi. Rangi mpya kwenye mguu peke yake inatia shaka. Rangi iliyovimba au kubabuka kuzunguka kichwa cha silinda inaonyesha kwamba iliwahi kuungua kwa kukosa maji. Toa plagi zote na uziangalie kwa kuzilinganisha: rangi ya kahawia ni njema, nyeupe ya majivu ni joto au petroli haba, na vichembe vya chuma vinavyong'aa kwenye ncha yake maana yake pistoni imeanza kuyeyuka. Kisha pima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda. Silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, anza kuhesabu ringi na kazi ya fundi ndani ya bei, au ondoka.

Kipimo kinachofichua mengi kuliko vyote hakihitaji chombo zaidi ya bisibisi pana. Mashine ikiwa imesimama wima tangu usiku, legeza taratibu skrubu ya chini kwenye nyumba ya gia, uache matone ya kwanza yadondoke kwenye kiganja. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia yenyewe. Oili ikitoka nyeupe kama tui la nazi, sili zimepitisha maji na yamechanganywa na gia. Ikitoka nyeusi lakini safi, imechakaa tu. Ikitoka na chembe ngumu zinazokwaruza unapozisugua kati ya vidole, gia zenyewe zinalika. Muuzaji anayekataa skrubu hiyo isiguswe amekwisha kujibu swali lako.

Baada ya hapo iwashwe ndani ya pipa la maji, maji yakiwa juu ya matundu ya kunyonyea, na utazame mchirizi wa maji upande wa nyuma wa kichwa. Unatakiwa kutoka kwa nguvu ndani ya sekunde chache na kuwa wa uvuguvugu baadaye. Lakini pipa halionyeshi ubovu wa gia, kwa kuwa ndani yake propela haina mzigo wa kweli. Ombeni mashine ipachikwe kwenye chombo, chombo kifungwe kwa kamba imara kwenye gati au nguzo, kisha iingizwe gia ya mbele na kuongezwa mafuta hatua kwa hatua kwa dakika kumi. Gia iliyolika itaruka kwa mlio wa kugonga, na mashine yenye upungufu wa petroli itaanza kukohoa kabla ya muda huo kwisha. Rudieni kwa gia ya nyuma.

Kuhusu hati, nakili namba iliyo kwenye bamba la kibano kinachoshika mashine kwenye chombo na uilinganishe na risiti. Bamba lililokwanguliwa au lililobanduliwa ni sababu tosha ya kuacha biashara, kwani mashine za wizi husafiri kutoka bandari moja hadi nyingine, na ikitambuliwa atakayehojiwa ni yule aliyekutwa nayo. Vilevile uliza kama ilitolewa kwa mkopo wa kikundi ambao haujamalizika. Mauziano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na namba hiyo iwemo.

Mashine ikishakuwa yako, usiipeleke baharini kwa ahadi kwamba ilihudumiwa mwezi uliopita. Badilisha impela hata kama ya zamani inaonekana nzima, na ikiwa imepungukiwa na mapezi, vipande vilivyokatika vitafutwe ndani ya njia za maji, maana vitakwenda kuziba mahali pembamba zaidi. Themostati, vali inayodhibiti joto la mashine, itolewe na kujaribiwa kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto. Wapo mafundi wanaoitupa kabisa ili mashine ipoe, na kwa fo-stroki hilo ni kosa, kwa kuwa injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno huacha petroli ishuke na kuzimua oili. Oili ya gia ijazwe kupitia tundu la chini hadi itokee la juu, ili hewa isibaki ndani. Kabureta ifunguliwe na kusafishwa, bomba la mafuta na mpira wake wa kubonyeza vibadilishwe, plagi ziwe mpya. Zinki, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mashine yenyewe, ikilika nusu ibadilishwe, na ile mpya isipakwe rangi, kwani ikipakwa haitafanya kazi yake. Kwa tu-stroki, mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa lita 20, na oili iwe ya mashine za majini yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki haifai. Kama kitabu cha mashine hiyo kinasema tofauti, fuata kitabu.

Kiti cha mashine kinahitaji fikra zaidi ya vibano viwili. Sukani ya mashua iko katikati ya tezi, kwa hiyo mashine itakaa pembeni, na dau lenye tezi iliyochongoka litahitaji mkono wa mbao ngumu uliofungwa kwa bolti zinazopenya hadi ndani, zikiwa na ubao wa kuzipokea. Acha nafasi ya kutosha ili mguu uinuliwe kabisa unaposafiri kwa tanga, na hakikisha kamba ya demani haiwezi kunasa kwenye kofia mnapogeuza foromali, mti unaoshika tanga. Mashine ifungwe mnyororo kwenye mbavu ya chombo, si kwenye ubao wa kiti, kwa sababu kiti ndicho huvunjika kwanza.

Safari ya kwanza iwe ndani ya ghuba, wakati maji yanajaa, tanga likiwa tayari kutwekwa, na ndani ya chombo mkiwa na plagi za akiba, pini za propela, kamba ya kuvutia na spana zinazolingana na nati zake. Mkirudi, izungusheni katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa dakika 10 hadi 15, kisha kazeni upya bolti za kiti, kwani mbao zitakuwa zimejibana na bolti zitakuwa zimelegea.