Ziara ya Azincourt: nimelipia kuangalia tope dirishani

Nimekaa na hasira hizi wiki kadhaa nikasema acha niandike tu. Nilienda kumsalimia shemeji yangu anayeishi Lille, kaskazini mwa Ufaransa, anajua napenda historia za vita, akanikatia tiketi ya kwenda Azincourt, pale mfalme Henry wa Tano wa Uingereza alipowachapa Wafaransa tarehe 25 Oktoba 1415 na kijeshi chake kidogo, tena wengi wametoka kuugua kuhara damu kule Harfleur, mji wa bandari waliotoka kuuteka.

Njiani mwongozaji alielezea vizuri, sisemi uongo. Tumefika, mvua imepiga usiku kucha, jamaa anasimamisha kibasi anasema hatushuki, matope yatachafua viti, angalieni dirishani.

Sasa baba, hayo matope ndo vita yenyewe! Wafaransa hawakumalizwa na mishale peke yake, lilikuwa shamba limetoka kulimwa likanyeshewa, mabwana wakubwa na maderaya yao ya chuma wanakuja kwa miguu wanazama, wa nyuma wanasukuma, wa mbele akidondoka ndo basi tena, mpaka wapiga mishale wa Henry wakaweka pinde chini wakaingia na mashoka na nyundo. Mkuu wa jeshi la Ufaransa, Charles d'Albret, alifia hapohapo. We unaniambia nitazame kwenye kioo chenye ukungu?

Nikashuka. Akafoka, mara bima, mara muda. Hatua kama kumi tu kiatu cha kulia kikabaki chini mguu ukaja na soksi, udongo wa mfinyanzi ule, unavuta kama unanyonya. Nimesimama pale mguu mmoja juu kama korongo, nikamfikiria mtu mwenye chuma kichwani mpaka unyayoni, nikaelewa kitu ambacho vitabu vyote sikukipata.

Kurudi kanitandikia gazeti kwenye kiti kama mtoto kikojozi, na euro 20 za kusafisha juu. Nyota moja!

Ingawa asingenikataza pengine nisingeshuka, viatu vilikuwa vipya. Haya, mbili. Ila shem anajua Kifaransa, ananiambia jamaa alikuwa ananung'unika "hawa watu" muda wote wa kurudi. Basi ibaki moja. Lakini nendeni jamani, nendeni na gari lenu na mabuti ya mvua, iwe imenyesha.

Kiatu nimerudi nacho Dar na tope lake, mke wangu anataka kukiosha nimemkatalia.