Magofu ya Kilwa Kisiwani: tathmini ya ziara kwa anayesafiri peke yake

Ziara hii huuzwa kama matembezi ya nusu siku: kibali, mashua, mwongoza watalii, kisha kurudi Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, kula mchana. Kwa kilichoko kisiwani, ni ziara bora ya historia katika pwani yote ya Tanzania. Kasoro iko kwenye muda. Nusu siku hukata Husuni Kubwa, jumba la sultani, au hukimbiza Msikiti Mkuu, na msafiri wa peke yake ndiye huumia zaidi kwa sababu hana wa kugawana naye gharama za mashua.

Anza na kibali. Hutolewa Masoko, si kisiwani, kwa hiyo kichukue mchana wa siku iliyotangulia, ofisi zikiwa wazi. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, kwa simu au benki, dai risiti. Mtanzania abebe kitambulisho, maana ada ya raia ni tofauti na ya mgeni. Mwongozaji naye usimwone kuwa mzigo: bila yeye, nusu ya kuta utazipita bila kujua zilikuwa nini.

Kuvuka ni kilomita chache tu, lakini bei ya mashua ya kukodi ni ya chombo kizima. Ukiwa peke yako, uliza nyumba ya wageni kama kuna wengine wanaovuka kesho yake. Mashua ya wanakijiji ni nafuu sana, ila huondoka ikijaa na hairudi kwa ratiba yako. Ukikodi, patana mambo matatu kabla ya kupanda: kwenda na kurudi, saa za kusubiri, na kama nahodha atakufuata upande wa Husuni. Hapo ndipo ugomvi wa bei huzuka. Jaketi okozi liombe nchi kavu. Msimu wa kusi upepo hukaza mchana na maji huruka ndani ya chombo, basi simu na kamera ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Linaloamua siku yako hasa ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari katika pwani hii hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, kisha saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Maji yakipwa, mashua haifiki karibu. Utateremka kwenye matope na mawe ya matumbawe, na ndala hazifai kabisa. Maji yakijaa, njia ya ufukweni kati ya mikoko hufungwa na inabidi kupita ndani, juani. Muulize nahodha jioni yake, naye atakutajia saa ya kuondoka bila kutazama jedwali lolote.

Waongozaji wengi huanza na Gereza kwa sababu liko karibu na panaposhukiwa. Ni ngome iliyoanzia kwa Wareno, waliouteka mji mwaka 1505, ikaja kujengwa upya na Waomani. Upande wa bahari mawimbi yameshaila. Robo saa inatosha. Muda wako uuweke Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale, na paa lake la bapa lilibebwa na nguzo za mbao. Upande wa kusini ni upanuzi mkubwa wa karne ya 14, uliojengwa upya karne ya 15 kwa nguzo za mawe, matao na kuba. Simama kati ya sehemu hizo mbili utazame juu, uone jinsi mafundi walivyoacha boriti, ambazo urefu wake huweka kikomo cha upana wa chumba, wakageukia chokaa na matumbawe. Vigae vya kauri vilivyozagaa njiani viache vilipo. Kuvichukua ni kosa kisheria.

Husuni Kubwa iko mashariki, juu ya jabali, mwendo mrefu kidogo kwa miguu. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipitia Kilwa, na ni katika zama zake msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika hapa, mwaka 1331. Kuna vyumba zaidi ya mia, ua wa biashara, ngazi za kushukia baharini, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Jumba halikumalizika. Mimi ningeanzia huku, saa moja na nusu asubuhi, kwa kuwa kivuli ni kidogo na saa sita jua huchoma vibaya.

Beba maji lita mbili na fedha taslimu. Usitegemee kununua chakula kijijini bila kuagiza mapema. Mabega na magoti yafunikwe, wanawake wawe na kanga. Piga picha za watu kwa idhini tu. Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, usiiunganishe siku hiyohiyo: iko mbali zaidi kusini, inahitaji boti ya injini, na gharama yake hubebeka mkiwa watatu au wanne.

Kilwa Kivinje, mji mkongwe wa bara, iache kwa siku ya kuondoka, maana iko karibu na Nangurukuru, kwenye barabara kuu. Boma la Wajerumani na nyumba za wafanyabiashara zimechakaa sana, lakini mji bado unaishi, na simulizi za Hassan bin Omari Makunganya, aliyepinga utawala wa Wajerumani wakamnyonga mwaka 1895, wazee wanazo. Saa mbili zinatosha. Bodaboda itakurudisha Nangurukuru kudaka basi linalotoka Lindi au Mtwara. Fika kabla ya adhuhuri, kwa sababu mabasi hayo hupita yakiwa yamejaa na kiti hupatikana kwa bahati.