Makumbusho ya UFO kule Roswell: picha nazipa tano, mashahidi nawapa mbili

Niseme mapema sikupanga kwenda huko. Mimi naendesha trela la friji hapa Marekani, na Roswell, New Mexico, ukitoa hayo mambo ya visahani vya angani ni mji wa maziwa na jibini, kuna kiwanda kikubwa cha mozzarella, kwa hivyo sisi madereva tunaujua kwa mzigo. Safari hii masaa yangu ya wiki yalikuwa yameisha, na sheria ya hapa ni kwamba yakiisha unapumzika masaa 34 ndio uanze kuhesabu upya. Sasa masaa 34 Roswell utafanya nini? Nguo nimefua, nyumbani nimepiga simu mpaka wamechoka na mimi. Nikaita teksi nikaenda Main Street, kwenye International UFO Museum and Research Center, iko ndani ya jengo lililokuwa sinema zamani. Huwezi potea, taa za barabarani zimechorwa macho ya wale viumbe wa sayari nyingine, hata McDonald's yao imejengwa kama kisahani.

Kiingilio ni dola chache tu, hapo sina neno.

Sasa kuna kitu kingine kilinisukuma. Mimi ni mtu wa Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka kijijini Mukuku, upana kama mita 2.5 na uzito karibu kilo 500, na kwa grupu yetu ya familia hatukulala, mara ni bomu, mara ni ndege, mjomba mmoja akasema ni dalili za nyakati za mwisho. Baada ya siku chache Shirika la Anga za Juu la Kenya likaja likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Lakini angalau pale kitu kilikuwepo, watu wamesimama kando yake, unaona ukubwa, picha za kila upande. Kwa hivyo niliingia Roswell na swali moja tu kichwani, hawa wana nini cha kuonyesha?

Kwa wasioijua stori, ni hivi. Juni 1947 msimamizi wa ranchi moja karibu na Corona, anaitwa Mac Brazel, alikuta takataka zimetawanyika malishoni. Wakati huo huo Marekani nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya visahani, maana tarehe 24 Juni rubani Kenneth Arnold alikuwa ametangaza kuona vitu tisa vikikimbia angani karibu na Mlima Rainier. Brazel akasikia, akaenda kwa sherifu wa Roswell, sherifu akaita jeshi, jeshi likamtuma Meja Jesse Marcel, afisa wa ujasusi pale kambini, na tarehe 8 Julai kambi ikatoa taarifa kwamba wamekipata kisahani. Gazeti la Roswell Daily Record likaweka kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Siku hiyo hiyo vitu vikapelekwa kwa ndege Fort Worth, Texas, na Jenerali Roger Ramey akasema aa, ni puto la hali ya hewa na kile kiakisi cha rada, yaani foili inayofungwa kwenye puto ili rada ilione. Na kambi yenyewe si ya mchezo, hiyo ndiyo ilikuwa na kikosi cha 509, kikosi pekee duniani wakati ule chenye bomu la atomiki. Ndio maana mtu anajiuliza, hawa watu wa atomiki kweli walishindwa kujua puto?

Ukutani hayo yote yamepangwa, magazeti, ramani, barua, viapo vya mashahidi, na hapo ndipo makumbusho yanafanya kazi nzuri. Ni mambo ya kusoma, ukienda na watoto wadogo watakusumbua dakika kumi, lakini kama wewe ni mtu wa kusoma polepole utatumia nusu siku. Ushauri wangu ni huu, usisome kwa mpangilio wa ukuta. Soma kwa tarehe, lile neno lilisemwa mwaka gani. Ukifanya hivyo tu kila kitu kinabadilika.

Chukua Brazel. Tarehe 9 Julai 1947, kwa gazeti, anasema alikuta vipande vya mpira, foili, karatasi ngumu, vijiti, na tepu yenye maua maua, na ukijumlisha yote uzito labda pauni 5, hiyo ni kilo mbili na kitu. Hakuna injini, hakuna chuma. Halafu huyo huyo anasema kwamba maputo ya hali ya hewa ameshawahi kuokota mawili na hiki hakikufanana nayo. Mimi nampenda huyu mzee, ametoa maneno mawili yanayovutana na hakujaribu kuyapatanisha, na shahidi wa namna hiyo mimi namwamini kuliko yule ambaye kila kitu kinaingiana vizuri.

Wanaoamini kwamba kilikuwa chombo cha viumbe na jeshi likakificha watakwambia jeshi lilimlazimisha. Inawezekana. Lakini njoo kwenye picha.

Picha zenyewe zilipigwa ofisini kwa Ramey na J. Bond Johnson wa gazeti la Fort Worth Star-Telegram, halafu kuna moja ya afisa wa hali ya hewa, Irving Newton. Kuna Marcel amechuchumaa ameshika foili, kuna Ramey, kuna Ramey na msaidizi wake Kanali DuBose. Sasa Marcel baadaye sana akasema vitu vya kweli vilibadilishwa, ati picha yake ndiyo ina vitu halisi na zile zingine wameweka puto. Hapo nilisimama nikatazama picha ya Marcel, nikahamia ya Ramey, nikarudi, mlinzi akaanza kuniangalia. Jamani ni vitu vile vile. Foili imekunjwa namna ile ile, vijiti ni vile vile, mpira mweusi ulioharibika na jua. Hauhitaji digrii, ni kama zile picha mbili za gazetini za kutafuta tofauti, ila hapa tofauti haipo. Picha haina kumbukumbu ya kuchakaa, ilichoshika siku ile ndicho inacho leo. Hata mpiga picha mwenyewe maelezo yake yalibadilika miaka ilivyokwenda, negativu, ile filamu yenyewe ya kamera, haikubadilika.

Ila kuna kitu kwenye picha moja kimewatoa watu jasho. Ramey ameshika karatasi mkononi, na karatasi imegeukia kamera kidogo, ina maandishi. Negativu iko maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas kule Arlington, na wameiskani kwa ukubwa wa ajabu na kuiweka intaneti bure. Kuna maneno wengi wanakubaliana yanahusu maputo na Fort Worth. Lakini kuna neno moja, wengine wanaapa linasoma waathiriwa, yaani kuna miili, na wengine neno hilo hilo wanalisoma mabaki. Mwaka 2002 James Houran na Kevin Randle, na huyu Randle ni mtafiti anayeichukulia Roswell kwa uzito si mtu wa kudharau, walitoa utafiti ambapo watu tofauti waliambiwa mambo tofauti kuhusu hiyo karatasi kabla ya kuisoma. Kilichotokea, watu wakasoma kile walichoambiwa.

Hiyo nikaijaribu usiku ule ndani ya kabini ya lori. Nikakata kile kipande cha karatasi, nikamtumia bro wangu aliye mjini Wote nikamwambia ni telegramu ya puto limepotea, isome. Mama watoto nikamwambia ni ripoti ya ajali. Dereva mwenzangu sikumwambia kitu. Bro akarudisha haraka, ameona puto, ameona hewa. Mama watoto akasema ameona maneno wamekufa wanne. Wanne! Kwa Kiingereza ambacho hakionekani! Dereva mwenzangu akajibu umetuma picha mbovu tuma tena. Nadhani yeye ndiye mtaalamu wetu sasa.

Turudi kwa mashahidi, maana hapo ndipo nyota zinaanguka. Baada ya 1947 stori ililala, watu wakasahau miaka 30 na zaidi. Ni 1978 ndio Stanton Friedman, mwanafizikia wa nyuklia, akamhoji Marcel aliyekuwa amestaafu, na Marcel akasema foili ile haikunjiki, ukiipiga kwa nyundo haibonyei. Sawa, Marcel alikuwepo, alishika kwa mkono wake, siwezi kumwita muongo, lakini picha yake mwenyewe inaonyesha ameshika kitu kimekunjwakunjwa kama karatasi ya kufungia nyama choma. Baada yake mlango ukafunguka, na hapo ndio tunaingia stori za jaba. Mmoja aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya maiti, Glenn Dennis, akaja 1989 na habari ya muuguzi aliyeona maiti za viumbe, watafiti wakamtafuta muuguzi kwa lile jina wakamkosa, kisha jina likabadilika. Frank Kaufmann alikuwa shahidi mkubwa, ati alikuwepo kikosi cha siri, alipofariki 2001 karatasi zake zikapekuliwa ikaonekana alikuwa amezighushi. Walter Haut, yule afisa aliyetoa ile taarifa ya 8 Julai, miaka mingi alisema yeye alitumwa tu kuandika, hakuona kitu, halafu akasaini kiapo 2002 kisomwe akishakufa, na ndani anasema aliona chombo na miili. DuBose naye, sehemu moja anasema puto lilikuwa la kufunika, sehemu nyingine anasema vitu havikubadilishwa. Wewe ungekuwa hakimu ungefanya nini na watu hawa?

Na Dennis na Haut ndio miongoni mwa waanzilishi wa haya makumbusho, yaliyofunguliwa 1992. Hiyo isome ukiwa mlangoni kabla ya kusoma kuta.

Lakini pia serikali isijifanye malaika. Walidanganya kweli. Hilo halikuwa puto la kawaida la hali ya hewa. Ripoti ya jeshi la anga ya 1994 inasema ni mradi wa siri unaoitwa Mogul, maputo mengi yamefungwa kwenye mstari mmoja wenye urefu karibu mita 200, na viakisi vya rada na maikrofoni, ya kusikiliza kutoka juu sana kama Wasovieti wamelipua bomu la atomiki. Hata ile tepu ya maua ya Brazel inaingia hapo, Charles Moore aliyefanya kazi kwenye mradi alikumbuka tepu ya namna hiyo kwenye viakisi. Mimi inanitosha karibu yote. Panaponikwama ni kwamba urushaji wenyewe wanaoutaja, namba 4 wa tarehe 4 Juni, hauna rekodi nzuri, na shajara ya mkuu wa mradi, Albert Crary, siku hiyo inasema urushaji haukufanyika kwa sababu ya mawingu, kisha inasema wakarusha maputo na maikrofoni. Halafu 1995 wakaguzi wa bunge wakakuta telegramu zilizotoka kambini miaka ile zimeharibiwa na hakuna aliyeandika ni kwa amri ya nani. Na 1997 jeshi likatoa ripoti nyingine, ati hiyo miili watu walioiona ni wanasesere wa majaribio ya parachuti, ila wanasesere hao waliangushwa kuanzia 1954! Nilicheka kwa sauti pale ndani. Ukitaka kuua uvumi usiupe chakula hivyo bana.

Sasa upande wa nusu ya pili ya ukumbi. Kuna kisahani kinazunguka na moshi na viumbe wamesimama chini, watoto wanapenda, piga picha. Kuna mwanasesere amelala kitandani hospitalini, huyo ni wa filamu ya televisheni ya 1994, imeandikwa, lakini nilimuona mama mmoja akimpiga picha kwa heshima kama maiti ya kweli. Ningekuwa mwenye nyumba ningemtenga kabisa na zile kuta za karatasi. Maana tumeshaona inavyokwenda. Ile filamu ya upasuaji wa kiumbe iliyotoka 1995, Ray Santilli mwenyewe 2006 akakubali ni ya kutengenezwa, matumbo ya kuku na ubongo wa kondoo. Na 2015 kule Mexico City wakaonyesha slaidi za Kodachrome, filamu ya rangi ya zamani, za kiumbe mdogo ndani ya kabati la kioo, watu wamelipa kiingilio, na siku chache baadaye watu wa intaneti wakachukua programu ya kusafisha picha iliyofifia wakasoma kile kibao kando yake. Kilikuwa kinasema ni mwili uliokauka wa mtoto wa kiume wa miaka miwili. Mtoto wa watu, wa Wenyeji wa Marekani, aliyekuwa amewekwa makumbusho. Hiyo haikunichekesha hata kidogo. Kibao kilikuwepo kwenye picha muda wote.

Maktaba ya ndani ni nzuri, kimya, unaweza kukaa na mafaili. Wahudumu wana adabu, niliuliza maswali ya kijinga na ya kuudhi hakuna aliyenikunjia uso. Duka la zawadi ni vile unavyofikiri, kila kitu ni kijani. Kama una trela usijaribu kuegesha katikati ya mji, liache kituo cha malori uje kwa teksi. Na wiki ya kwanza ya Julai kuna tamasha lao, kama hupendi kusukumana kaa mbali.

Kwa jumla nawapa nyota nne kati ya tano. Picha na magazeti ni tano, mashahidi wa baada ya 1978 ni mbili, na hiyo moja kati ya mbili ni ya Marcel peke yake. Nimenunua sumaku ya friji na kikombe. Kikombe ni cha mama watoto, na bado ananiuliza wale wanne walizikwa wapi.