TAHADHARI: Rupia za Mombasa bandia zinauzwa Lamu, na sasa Malindi

Waungwana, asalaam aleikum. Kuna bwana anazunguka Lamu na kifuko cha sarafu za kale, leo Mkunguni, kesho Shela, akidai ni urithi wa nyanya yake wa Pate. Jina sina la kuwapa, maana kila mnunuzi katajiwa lake, na laini ya simu hubadilika kila akishauza. Mali yake lakini naijua, kwa kuwa walionunua wameniletea niikague.

Anachouza zaidi ni rupia ya Mombasa, ile ya 1888 ya kampuni ya Imperial British East Africa: upande mmoja taji na jua, upande wa pili mizani na maandishi ya Kiarabu. Anayo moja ya kweli. Hiyo ndiyo atakayokushikisha, uipige picha, hata uipeleke kwa sonara ukitaka. Mkishapatana bei huichukua "akufungie vizuri", na kwenye karatasi unayoondoka nayo mna nyingine.

Hiyo nyingine haikupigwa kwa mashine, imemiminwa kwenye kalibu. Tazama ukingoni utaona mshono uliopigwa tupa. Uso una vishimo vidogo vidogo, herufi zimelegea, na ile H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham imekuwa kama uvimbe tu. Rupia halali ina gramu 11.66, uzani uleule wa rupia ya India ya enzi hizo. Niliyoipima juzi kwa sonara haikufika hata kumi. Na msidanganyike na sumaku. Mwenyewe anatembea nayo mfukoni, akionyesha kwa mbwembwe kwamba rupia hainasi. Ni kweli fedha, yaani madini yenyewe ya rupia halali, hainasi, lakini risasi nayo hainasi, wala shaba!

Nimeletewa pia rupia yenye mwaka 1890. Mwaka huo zilipigwa nusu rupia, robo na sarafu ya "ana mbili" (sehemu ya nane ya rupia). Rupia nzima ya 1890 hakuna.

Senti kumi ya tundu ya 1936 ndiyo iliyonikera zaidi, kwa sababu sarafu yenyewe ni halali, uongo uko kwenye hadithi. Anasimulia habari za mfalme Edward VIII aliyekaa kitini chini ya mwaka mmoja, akaacha ufalme Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke, kisha anadai sarafu zenye jina lake ni chache duniani. Uingereza kwenyewe ndivyo ilivyokuwa, zenye sura yake hazikupata kutolewa kwa umma. Ila senti zetu za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme, zina tundu katikati na jina pembeni, kwa hiyo zilipigwa kwa wingi na zikatumika sokoni kama kawaida. Kwa wakusanyaji iliyochakaa haizidi dola chache. Yeye kamtoza kijana mmoja shilingi elfu kumi na tano.

Shilingi za simba, zile za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni, nazo huziita "fedha tupu". Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Asomaye mwaka hahitaji hata mizani.

Walioko Malindi, habari ni kwamba ameshavuka huko, na ameongeza sarafu ya Kichina "kutoka Mambrui". Ni kweli watafiti walichimbua sarafu ya mfalme Yongle Mambrui mwaka 2010. Sasa fikirini: ikiwa yake ni bandia, umeibiwa. Ikiwa imechimbuliwa kweli, hiyo ni mali ya kale inayolindwa kisheria, na ukiinunua umejiingiza matatani na watu wa Makumbusho ya Taifa.

Akitaka arbuni kwa M-Pesa kabla hujaiona sarafu, usitume. Mkikutana, pimeni palepale kwa sonara unayemjua wewe, na ikishatoka kwenye mizani isirudi mkononi mwake, ifunge mwenyewe. Aliyekwishauziwa asifute ujumbe wa M-Pesa wala asikubali "kubadilishiwa", maana muuzaji akirudishiwa ile bandia ushahidi umekwenda. Wawili tayari wameandikisha taarifa polisi Lamu. Wa Malindi mkiwa na picha za sarafu zake, hasa ukingo, nitumieni faraghani nizilinganishe na hizi zetu, nadhani zimetoka kalibu moja.